Nilihitimu Bila Kujua Kupima

Betri ya sola niliyoinunua bado ipo nyumbani kwetu Igoma, Mwanza. Mama ameiwekea kipande cha godoro, huikalia jioni akichambua dagaa, na mgeni akiuliza hujibu, "Hicho ni kiti cha msomi wangu. Kilinigharimu laki sita na nusu." Wote wanacheka. Siku hizi nami nacheka, ila mwaka 2023 betri hiyo iliniliza kuliko ukosefu wa kazi ulivyowahi kuniliza.

Naandika kwa ajili ya wadogo zangu watakaovaa joho mwaka huu, maana ujumbe ninaoupata ni wa aina moja: "Dada, waajiri wanataka ujuzi wa kidijitali na ujuzi wa kijani, nisome kozi gani?" Maneno hayo niliyasikia na mimi siku ya mahafali. Mgeni rasmi aliyarudia mpaka tukapiga makofi. Hakuna aliyetuambia yanafananaje saa 12 asubuhi, ukiwa umeshika ndoo na watu wanasubiri jibu lako.

Nilimaliza shahada ya usimamizi wa biashara mwishoni mwa 2021, GPA 3.8. Somo la kompyuta tulisoma muhula mmoja. Tulikuwa wengi kuliko mashine, kwa hiyo mtihani tukaufanyia kwenye karatasi. Nilieleza kwa kalamu, kwa mwandiko mzuri kabisa, tofauti ya kumbukumbu ya muda na kumbukumbu ya kudumu ya kompyuta. Nikapata A. Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, nilifanya wiki nane kwenye ofisi moja mjini: nilitoa fotokopi, nikachemsha chai, nikapanga mafaili kwa herufi. Kwenye ripoti nikaandika kwamba "nilishiriki katika usimamizi wa kumbukumbu za taasisi". Mwalimu msimamizi alipita mara moja, akasaini. Simlaumu peke yake. Ofisi ile niliichagua mwenyewe kwa sababu ilisifika kwa kusaini logibuku, daftari la kazi za kila siku za mwanafunzi, bila maswali, na ilikuwa na feni.

Nikarudi mtaani. Nilikuwa na daftari la maombi ya kazi: maombi 71, majibu 4. Ukijumlisha nauli, kuchapa, kurudufu vyeti na mihuri ya wakili, mama alitoa karibu laki nne, pesa ya dagaa, elfu mbili mbili na tano tano.

Usaili wa kwanza ulikuja Julai 2022, kampuni moja ya ufugaji wa samaki wa vizimba upande wa Sengerema. Wakati ule daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado nguzo. Limefunguliwa Juni 2025. Ulikuwa unafika Kigongo, unapanga foleni ya kivuko na kumwachia Mungu. Nilifika nimechelewa dakika 40, kiatu kimejaa vumbi. Kosa la kwanza hilo, na halina uhusiano na teknolojia yoyote: ningelala ng'ambo usiku wake.

Mama mmoja wa makamo alinigeuzia kompyuta mpakato. Faili la Excel lilikuwa limefunguliwa, lina kumbukumbu za vizimba sita kwa miezi minne. Tarehe nyingine zilianza na siku, nyingine zilianza na mwezi. Kwenye safu ya chakula, mahali pengine pameandikwa "mifuko 2", pengine "50", pengine "kama jana".

"Nionyeshe kizimba kinachotutia hasara," akasema. "Una nusu saa."

Kwenye wasifu wangu niliandika kwamba mimi ni mjuzi wa programu za kompyuta. Nilichojua ni kupaka rangi kwenye vichwa vya safu. Nusu saa ikaisha nikiwa nimezipaka rangi zote. Akafunga kompyuta taratibu, akasoma karatasi yangu. "Hapa umesema una shauku ya mazingira. Umewahi kupunguza nini? Lita ngapi, kilo ngapi?" Nikasema tulipanda miti chuoni. "Mingapi ilikuwa hai baada ya mwaka?" Sikujua. Akanipa maji ya kunywa, nadhani aliniona midomo imekauka, akaniambia, "Mdogo wangu, hapa hatutafuti anayependa samaki. Tunatafuta anayejua wamekula kilo ngapi."

Ningelielewa jambo hilo palepale ningeokoa miezi mingi. Badala yake niliondoka nikiamini kwamba nilichopungukiwa ni cheti. Mwezi uliofuata nikalipa 350,000 kwa "cheti cha kimataifa cha nishati ya jua na uchumi wa kijani", wikiendi mbili kwenye ukumbi wa hoteli. Tulionyeshwa picha za mashamba ya sola ya nchi za mbali. Chai ilikuwa nzuri, vitafunwa viwili. Hakuna aliyegusa paneli, hakuna aliyeshika bisibisi. Cheti kina lakiri ya dhahabu hadi leo. Baadaye ndipo nikajua kwamba kufunga mifumo ya umeme kunahitaji leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na karatasi yangu haikuwa na uzito wowote huko.

Kwa hiyo anayekuuzia kozi, muulize kwanza kama utashika kifaa kwa mikono yako, nani atakagua kazi uliyoifanya, na kama anaweza kukupa namba ya mtu aliyemaliza awamu iliyopita. Akianza kukueleza kuhusu lakiri, rudisha pesa mfukoni.

Mimi sikuuliza. Na kwa kuwa sasa nilikuwa "mtaalamu", mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2022 ulipoanza, mama akaniamini. Alikuwa na friza ya kuhifadhia sato na kugandisha barafu ya kuuza. Akakopa kwenye kikundi chake cha VICOBA. Nikanunua paneli moja ya wati 250, betri ya jeli ya 12V na 200Ah, na inverta ya kugeuza umeme wa betri uweze kuendesha friza. Nilichagua kwa macho: betri ilikuwa kubwa, nzito, ikabebwa na vijana wawili. Ikafanya kazi siku za mwanzo vizuri sana. Kisha inverta ikaanza kupiga kelele usiku. Nikaingia YouTube kutafuta namna ya kuzima ile kelele, nikafanikiwa, nikajisifu. Kufikia Machi betri ilikuwa haiwashi hata taa.

Nikaenda kwa fundi mmoja pale Mabatini, mzee aliyekuwa akifunga sola tangu zamani. Hakuifungua betri. Alichukua chaki akachuchumaa kwenye sakafu.

"Friza ni wati ngapi?"

"Mia na hamsini."

"Inanguruma saa ngapi kwa siku?"

Sikuwahi kuhesabu. Tukakadiria saa 12, maana mama anaifungua kila mara na kuingiza samaki wa moto wa jua. 150 mara 12 ni wati-saa 1,800 kwa siku. Paneli ya 250, kwa jua kali la Mwanza la kama saa 5 kwa siku, inatoa 1,250. Ondoa robo hivi kwa joto, vumbi, nyaya na inverta, unabaki na 900 na kitu. Betri yenyewe ni volti 12 mara Ah 200, yaani wati-saa 2,400, lakini betri za aina hii hutakiwi kuzitumia zaidi ya nusu kila siku ukitaka zidumu. "Kila siku betri inadaiwa karibu mia tisa," fundi akasema akijifuta chaki kwenye suruali. "Ungekuwa wewe ungeishi miezi mingapi? Na ilikuwa inakulilia usiku, ukaiziba mdomo."

Hesabu za kuzidisha na kutoa. Mwanafunzi wa darasa la saba anaziweza. Nina digrii niliyosomea takwimu kwa mihula miwili, na haikunijia hata siku moja kuzidisha wati kwa saa kabla ya kutumia mkopo wa mama yangu.

Nilimwomba nikae kwake. Nilikaa miezi saba bila mshahara, chakula cha mchana tu na nauli siku za neema. Majirani wa Igoma walipata la kuzungumza: binti wa chuo, suruali ya jinzi, juu ya bati la watu. Wateja wetu wengi walikuwa watu wa ziwani. Dagaa huvuliwa usiku kwa mwanga. Zamani walitumia karabai za mafuta ya taa, sasa wengi wana taa za LED na betri zinazochajiwa kwa sola. Fundi hakukubali kumfungia mtu chochote kabla ya kumhoji: taa ngapi, usiku mzima au nusu, betri unaibebaje kwenye mtumbwi. Nikaanza kuandika majibu kwenye simu, kwenye Google Sheets, programu ya majedwali kama Excel, kwa sababu daftari lake lililowa mvua. Excel niliyoishindwa usaili nilijifunzia hapo, kwa kidole gumba, kioo kimepasuka, bando la usiku kwa sababu la mchana ni ghali. Kila fomula niliijua kwa sababu kulikuwa na mtu anayeidai: nani hajamaliza deni, betri ya nani inafikisha mwaka, tumetumia nyaya mita ngapi. Ukianza kujifunza kompyuta, tafuta kwanza mtu mwenye tatizo. Video utazikuta tu.

(Kwa walio gereji na mitaani: VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Nenda na kazi zako, wakupime. Fundi wangu alikuwa hajui hadi nilipomwambia.)

Katikati ya 2023 nikapata kazi ya kujitolea kwenye mradi mdogo uliotaka kujua hali ya akina mama wanaouza dagaa, Mwaloni Kirumba na mialo mingine miwili ya Ilemela, yaani fukwe ambako mitumbwi hushusha samaki. Nilijitapa kwamba najua KoboToolbox, nilikuwa nimeijifunza siku nne. Ni zana ya bure ya kutengeneza dodoso kwenye simu, na naisifu hadi leo. Nikatengeneza fomu nzuri, maswali 38. Tukakusanya kwa siku sita, watu watano. Nikatoa ripoti yenye michoro ya rangi: biashara imeshuka vibaya, wanawake wengi hawana mzigo, sababu ni ukosefu wa mtaji.

Kabla ya kuituma nikamsomea mama, nikitaka sifa. Alikuwa anachambua, hakuinua kichwa.

"Ng'wanone, mlienda lini?"

Nikamtajia tarehe.

"Si ilikuwa mbalamwezi?"

Nilihisi tumbo limeshuka. Mwezi ukiwa mpevu taa haivuti dagaa, mitumbwi inapumzika siku kadhaa, wavuvi wanashona nyavu. Kila mtoto wa mwaloni anajua. Mimi nimekulia kwenye pesa hiyo, nimelipiwa ada na pesa hiyo, na nilienda kupima biashara ya dagaa wiki ambayo hakuna dagaa. Michoro haikunizuia. Michoro inapendeza tu, haiulizi ulienda lini.

Hakuishia hapo. "Na hii 'kilo' umeipata wapi? Nani anauza kwa kilo mwaloni?" Wanauza kwa ndoo, kwa sado, kwa gunia, na ndoo ya wabichi si ndoo ya wakavu. Kwenye fomu niliandika "kilo", wahojiwa wakakadiria kwa adabu ili tuondoke. Isitoshe, mmoja wa wakusanyaji simu yake ilifutwa data kabla hajatuma. Fomu 43 zikapotea, kwa sababu sikumwambia mtu yeyote atume kila jioni.

Nilikwenda kwa msimamizi wa mradi nikasema ukweli. Alikasirika. Akatupatia wiki mbili za kurudia, bila posho ya ziada, nauli kwa gharama yangu: 84,000. Safari hii nilikaa na mama siku mbili kabla ya kuandika swali lolote. Nikaazima mizani, nikapima ndoo 20 za dagaa wabichi, nikazifuata hadi zilipokauka. Ndoo iliyokuwa na kilo 17 ilibaki na kilo 5 kasoro. Tukapima waliokaushwa kwenye chanja na waliomwagwa mchangani. Siku mbili za mvua zikatusaidia kuliko miezi ya mikutano: wa mchangani wengi walioza, wakaenda kwa bei ya chakula cha kuku, wa kwenye chanja walifunikwa turubai, wakauzwa bei ya mboga. Mama alijua hayo miaka yote. Hakuwa na namba, na waliokuja kutoa mikopo ya chanja walitaka namba.

Hapo ndipo nilipoelewa yule mama wa Sengerema alimaanisha nini. Nilidhani kidijitali ni kitu kimoja na kijani ni kingine, viwili vya kununuliwa kwa vyeti viwili. Dagaa walioozea mchangani ni hasara ya muuzaji, na ni mafuta ya injini na usingizi wa mvuvi vilivyoteketea bure ziwani. Hesabu ni moja. Simu inakusaidia kuifanya haraka, ikiwa unajua unachopima.

Oktoba 2023 niliandika tena kwa kampuni ileile. Sikutaja shauku. Niliambatisha ukurasa mmoja: kosa la mbalamwezi, nilivyolirekebisha, na jedwali la ndoo. Safari hii nilivuka kwa kivuko cha Kamanga jana yake, nikalala kwa shangazi. Nikapewa faili lilelile, au ndugu yake. Dakika kumi za mwanzo sikugusa hesabu. Niliuliza: mfuko wenu ni kilo ngapi? "Kama jana" aliandika nani, na bado yupo? Nikasawazisha tarehe, nikagawa kilo za chakula kwa kilo ambazo samaki wameongezeka uzito. Vizimba vingi vilikuwa kwenye 1.6 hivi. Cha nne kilikuwa 2.4.

Kwa asiyejua, kwenye vizimba chakula ndicho kinachokula zaidi ya nusu ya gharama zote. Ukiwa na 2.4, sehemu ya pesa yako inazama chini ya nyavu, inaozea huko, inakula oksijeni ambayo samaki wako wanaihitaji, na kurutubisha mwani na magugu ya jirani. Mhasibu na ofisa mazingira wanaweza kugombania namba hiyohiyo. Wakanitoa nje, wakanionyesha sehemu wanayofikiria kujenga stoo, wakauliza maoni. Nikahesabu hatua hadi majini: 45 hivi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka meta 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nilikuwa nimeisoma mwaloni, kwenye kibao, nikisubiri dagaa wakauke.

Mshahara wa kuanzia ulikuwa 450,000. Kwa tuliosoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15, kwa hiyo usipange maisha kwa namba iliyo kwenye barua. Deni la VICOBA nililimaliza baada ya miezi kumi na moja.

Kazi yenyewe haina mvuto kwenye picha. Saa 11 alfajiri tunapima oksijeni na joto la maji, maana oksijeni huwa chini kabisa kabla ya jua kuchomoza. Julai 2024, upepo wa kusi ukiwa umekoroga ziwa siku kadhaa na kupandisha maji ya chini yasiyo na hewa ya kutosha, mita ya oksijeni ilisoma miligramu 2.1 kwa lita mahali ilipozoea kusoma 5 na zaidi. Nahodha wetu, mzee asiyesoma, alikuwa ameshasema kabla sijaizamisha: "Yanukie haya maji." Tukasitisha kulisha, tukawagawanya samaki wa kizimba kilichojaa zaidi. Tulipoteza samaki 340 kwa siku tatu, na bosi akauliza kwa nini sikuwa na kumbukumbu za upepo za wiki iliyotangulia. Sikuwa nazo. Sasa ninazo, na safu moja ya Excel inaitwa "Nahodha anasemaje".

Tangu mwaka jana napokea wanafunzi wa fildi, mpaka sasa sita. Ni werevu kunishinda, wengine wanaandika programu. Lakini nikiwauliza "mfuko huu una kilo ngapi?" wanaangalia simu kabla ya kuangalia mfuko. Kwa walimu wao nina ombi moja, nalo halihitaji maabara mpya wala wafadhili: mtihani wa kompyuta uwe faili chafu. Lichukueni sokoni, kwenye zahanati, kwenye stendi ya Nyegezi, likiwa na makosa yake yote, na swali moja chini yake ambalo mtu halisi analiuliza. Na msimamizi wa fildi akija, asiombe logibuku. Aombe kitu kimoja mwanafunzi alichokipima.

Anayekuja kwetu muhula ujao: lete daftari gumu na kalamu ya risasi, wino unayeyuka. Lete sweta, alfajiri ziwani ni baridi. Jaketi okozi tunatoa sisi, nalo halivuliwi hata kama unajua kuogelea. Na kabla ya kupanga tarehe ya kukusanya takwimu zozote mwaloni, uliza mwezi utakuwa umefikia wapi.